Safari ya kurudi kujitolea imeahirishwa hadi kesho: niutumieje muda huu wa kusubiri?

Mrejeaji aliuliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Naomba ushauri wa watu waliowahi kukwama uwanja wa ndege wakiwa njiani kurudi kwenye kazi ya kujitolea katika nchi ya nje, kwa sababu naona hali yangu haifanani sana na ya mtalii au mfanyabiashara aliyecheleweshwa.

Nilikuwa nyumbani kwa mapumziko baada ya kipindi cha kwanza cha kufundisha katika kituo cha elimu ya watoto, nami nimekubali kurudi kwa kipindi cha pili. Nimekwisha kuaga, mizigo nimekwisha kuikabidhi, na tulipofika langoni tukaambiwa kuwa ndege ina hitilafu. Saa ya kuondoka ikasogezwa, ikasogezwa tena, na sasa tangazo linasema kwamba tutaondoka kesho jioni iwapo kipuri kinachosubiriwa kitakuwa kimefika. Shirika limetupa vocha za chakula na kutuahidi hoteli, lakini kila mhudumu wa dawati ana maelezo yake. Linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba kipande cha mwisho cha safari kina tiketi yake ya peke yake, ya shirika jingine, iliyokatwa na asasi inayonipokea, na kwa hesabu ya sasa sitaiwahi ndege hiyo.

Ningependa kujua mambo gani niyamalize leo kabla sijachoka, na niwaambie nini wenyeji wangu, ambao wamepanga mtu wa kunipokea na wamekwisha kuwatangazia watoto kwamba mwalimu anarudi. Zaidi ya hayo nauliza mtu anaishije saa zote hizi bila kuchakaa moyo. Familia inanisihi nirudi nyumbani nikalale, lakini kuaga kwa mara ya kwanza kulinitosha. Kuna na jambo jingine ambalo naona haya kulisema: tangazo la kuahirishwa lilipotolewa, kitu cha kwanza nilichokihisi kilikuwa nafuu, na hasira ilikuja baadaye. Tangu hapo najiuliza kama mtu anayefurahia kucheleweshwa anastahili kurudi kabisa.

Mkata Tiketi wa Zamani alijibu:

Pole sana, Mrejeaji. Nilikaa miaka mingi nyuma ya dawati kama hilo unalosimama mbele yake, kwa hiyo nitaanza na tiketi. Hayo ya moyoni yanaweza kusubiri hadi usiku, lakini viti vya ndege havisubiri.

Shughulikia kile kipande cha mwisho kabla ya jambo jingine lolote. Tiketi zikiwa zimekatwa pamoja, chini ya nambari moja ya uhifadhi wa nafasi, shirika lililokuchelewesha ndilo linalowajibika kukufikisha mwisho wa safari, na likikukosesha ndege ya kuunganisha ni juu yake kukutafutia nyingine. Zikiwa zimekatwa mbalimbali, kama zako, shirika la pili halina habari kwamba umekwama. Kwake wewe ni abiria asiyetokea langoni, na kwa masharti ya tiketi nyingi za bei nafuu abiria wa namna hiyo hupoteza nauli yote, na kama tiketi ina kipande cha kurudi, hicho nacho hufutwa. Kwa hiyo mwarifu aliyekukatia tiketi hiyo sasa hivi, maana mara nyingi ni yeye tu anayeweza kuibadilisha, na abadilishe kabla ndege hiyo haijaruka. Tozo ya kubadilisha tarehe inaudhi, ila kwa kawaida ni ndogo kuliko nauli mpya ya siku ya mwisho. Asiibane tarehe mpya. Ndege inayosubiri kipuri inaweza kuchelewa tena, na kulala usiku mmoja mahali pa kubadilishia ndege ni afadhali kuliko kukosa safari mara ya pili.

Utaniuliza kwa nini saa zinasogezwa kidogo kidogo badala ya watu kuambiwa ukweli mara moja. Mara nyingi mhudumu wa dawati hakudanganyi. Anasoma kile kilichoandikwa kwenye kompyuta yake, na mafundi wenyewe hawajui hadi wafungue na kupima. Kisha kuna jambo ambalo abiria wachache hulifahamu: marubani na wahudumu wa ndani ya ndege wana kikomo cha kisheria cha saa za kazi, na saa wanazokaa zamu wakisubiri nazo zinahesabiwa. Kikomo kikikaribia kabla ndege haijaruka, hutafutwa kundi jingine au husubiriwa hilo hilo lipumzike, na ndiyo maana ucheleweshaji wa saa chache hugeuka ghafla kuwa wa usiku mzima hata baada ya hitilafu kurekebishwa.

Kuhusu haki zako, inategemea unaondokea wapi na unasafiri na shirika la wapi, nawe hukutaja, kwa hiyo nitaeleza kwa jumla. Kanuni ya Umoja wa Ulaya nambari 261 ya mwaka 2004 inamlinda kila anayeondoka kwenye uwanja ulio ndani ya Umoja huo, liwe shirika la Ulaya au la kwingine, na pia anayeingia huko kwa shirika la Ulaya. Chini ya kanuni hiyo, safari ndefu ya zaidi ya kilomita 3,500 kwenda nje ya Umoja ikichelewa kuondoka kwa saa 4, shirika linapaswa kukupa chakula na vinywaji na nafasi ya kuwasiliana na watu wako, na kama ni kulala, hoteli pamoja na usafiri wa kwenda na kurudi. Uamuzi wa mahakama ya Ulaya wa mwaka 2009 uliongeza kwamba anayefika akiwa amechelewa kwa saa 3 au zaidi anaweza kudai fidia kama yule ambaye safari yake imefutwa, na kwa umbali huo fidia iliyowekwa na kanuni inaweza kufika euro 600. Mashirika hukwepa kwa kusema kulikuwa na dharura isiyozuilika, lakini mahakama hiyo hiyo ilikwisha kuamua mwaka 2008 kwamba hitilafu za kawaida za kiufundi ni sehemu ya kazi ya shirika na hazihesabiki kuwa dharura ya namna hiyo. Na hata dharura ikiwa ya kweli, chakula na malazi hayaondoki: baada ya majivu ya volkano ya Iceland kusimamisha ndege mwaka 2010, mahakama ilitamka mwaka 2013 kwamba wajibu wa kuwatunza abiria unabaki pale pale.

Kwingineko mambo hutofautiana sana. Marekani, kwa mfano, hakuna sheria inayolazimisha fidia ya kuchelewa kwa mtindo wa Ulaya, ila kwa utaratibu uliowekwa mwaka 2024 safari ya kimataifa inayoanzia au kuishia huko ikichelewa kwa saa 6 au zaidi, abiria anayeamua kutosafiri anarudishiwa nauli yake. Na pale ambapo hakuna kanuni yoyote ya ndani, bado upo Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, uliokubaliwa na nchi zaidi ya 130, unaomruhusu abiria kudai hasara aliyoipata kwa kucheleweshwa. Dai chini ya mkataba huo si fidia ya usumbufu, ni hasara unayoweza kuithibitisha, na shirika likionyesha kwamba lilichukua kila hatua iliyowezekana linaweza kuepuka. Muda wa kufungua shauri ni miaka 2. Kwa hiyo tunza kila risiti, tunza kadi ya kupandia ndege, piga picha ubao wa matangazo kila saa mpya inapoandikwa, na uombe sababu ya kuchelewa kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu.

Tahadhari moja ya mwisho. Ukipewa karatasi ya kujaza, isome kabla ya kuweka sahihi. Abiria aliyechoka huona neno la kurudishiwa nauli likimvutia, lakini ukiichukua nauli, kwa kawaida mkataba wa safari umevunjika. Hoteli, chakula na jukumu la kukufikisha vinakoma hapo hapo, nawe unaachwa kutafuta tiketi siku ambayo abiria wote wa ndege yako wanatafuta. Kama nia yako ni kufika, omba kupelekwa kwa njia nyingine, na utaje mwenyewe ndege ulizoziona, za shirika hilo au la jingine. Mhudumu aliyeletewa pendekezo lililo tayari hufanya kazi haraka kuliko aliyeletewa malalamiko. Nalisema hili kwa uzoefu wa kuletewa yote mawili.

Mratibu wa Upande wa Pili alijibu:

Mrejeaji, mimi nilikuwa yule mtu anayesubiri upande wa pili. Nimewapokea wafanyakazi wa kujitolea wengi, na sikumbuki aliyewahi kulaumiwa kwa sababu ndege iliharibika. Waliotusumbua ni wale waliokaa kimya hadi dereva akawa amekwisha kufika uwanjani, na wale waliotuma taarifa mpya kila tangazo liliposomwa, mpaka mapokezi yakapangwa na kupanguliwa usiku kucha.

Andika ujumbe mmoja leo, kwa mtu mmoja anayeweza kuamua, na uweke ndani yake nambari ya ndege, saa ya kuondoka inayotajwa sasa, habari za tiketi ya kipande cha mwisho, na saa ambayo utaandika tena. Hicho cha mwisho ndicho kinachompa utulivu anayekusubiri, kwa sababu kimya chako kati ya sasa na saa hiyo kitakuwa na maana. Mwombe dereva asitoke hadi utakapokuwa umeketi ndani ya ndege ya mwisho. Kama utaratibu wenu una nambari ya dharura au bima ya safari, watu hao nao waarifiwe mapema, maana bima nyingi hutaka taarifa ndani ya muda maalumu na uthibitisho wa shirika unaoonyesha saa zilizopotea. Angalia pia viza au kibali chako. Viza nyingi zina siku ya mwisho ya kuingilia nchini, na ukiwa umepangiwa kuingia siku hizo za ukingoni, kuchelewa kwa siku moja kunaweza kukuacha na karatasi isiyofaa. Anayeweza kukusaidia ni mwenyeji wako akiwa ofisini mchana, si wewe ukiwa mbele ya afisa wa uhamiaji usiku wa manane. Vivyo hivyo, kama njia mpya utakayopewa inapita nchi nyingine, uliza kwanza kama utahitaji viza ya kupita, hasa ikiwa utalazimika kutoka nje, kuchukua mizigo na kuikabidhi tena.

Kuhusu watoto waliotangaziwa kwamba mwalimu anarudi, naomba unisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wema wengi hujitesa bure. Kesho asubuhi mtu mwingine ataingia darasani. Huenda ni mwalimu mwenyeji ambaye alikuwa akiwafundisha watoto hao kabla hujaja na atawafundisha ukishaondoka. Mfanyakazi wa kujitolea anayeamini kwamba kazi itasimama kwa sababu yeye hayupo ama ameielewa vibaya nafasi yake, ama amewekwa kwenye mpango uliopangwa vibaya. Na kama ni hilo la pili, kuchelewa kwako kumeifunua kasoro ambayo ilipaswa kushughulikiwa hata kama ungewahi. Badala ya kuomba radhi mara kumi, mwandikie mwalimu huyo mistari michache: ulipanga kuanzia wapi, vifaa viko kabati gani, mtoto gani alihitaji kuketi mbele. Umwambie waziwazi kwamba anaweza kuanza kwa njia yake na hahitaji kukusubiri. Ruhusa hiyo ni ya adabu tu, kwani hakuihitaji, lakini wenyeji wengi kwa heshima watalisogeza jambo mbele kumngoja mgeni, na siku mbili za darasa zitapotea bila sababu.

Sasa hilo la nafuu. Umelisema kwa haya, mimi nalisoma bila mshangao wowote. Anayekwenda mara ya kwanza hajui anakokwenda, na kutojua huko kunambeba. Anayerudi anajua: anajua joto au baridi ya chumba chake, kazi inayochosha bila matokeo ya haraka, na upweke wa jioni za mwanzo. Anajua pia alichokiacha nyumbani, na safari hii amekiacha kwa kuchagua. Moyo wa mtu huyo ukishukuru kwa kupewa siku moja ya ziada, sioni kwamba umetoa hukumu juu ya kazi yake. Ningekushauri usiamue lolote kuhusu kipindi cha pili ukiwa hapo uwanjani, ukiwa na njaa na usingizi. Lakini pia usilizike swali hilo. Kama ndani ya wiki kadhaa baada ya kufika bado unatamani ndege iharibike, zungumza na mratibu wako, na mzungumze juu ya kazi yenyewe, maana mara nyingi kinachomchosha mtu ni jukumu moja linaloweza kubadilishwa.

Muuguzi Msafiri alijibu:

Nawaunga mkono waliotangulia, nami niongeze ya mwili, ambayo husahaulika watu wakiwa wanabishana na dawati.

Kama unatumia dawa za kila siku na ziko kwenye mizigo iliyokabidhiwa, nenda dawatini ukaombe begi lako leo. Ndege iliyoahirishwa hadi kesho mara nyingi mizigo yake hushushwa, na ombi lenye sababu ya kiafya hushughulikiwa kwa uzito kuliko la nguo za kubadilisha. Dawa zinywe kwa mwachano ule ule uliouzoea, ukihesabu saa tangu kipimo cha mwisho na si kwa kutazama saa ya ukutani ya nchi unayopita. Hili linawahusu pia wanaokwenda penye malaria wakiwa wamekwisha kuanza dawa za kinga: anayemeza kila siku aendelee kila siku hata kama bado hajaondoka, na ahakikishe kwamba siku zilizoongezeka hazitamwishia dawa njiani.

Kukaa ni kukaa, iwe langoni au ndani ya ndege. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti ya mwaka 2007 kwamba safari ya saa 4 au zaidi, mtu akiwa ameketi bila kujongea, huongeza takribani mara mbili uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa, ingawa kwa mtu mwenye afya uwezekano wenyewe unabaki mdogo. Basi usiimalize siku kwenye kiti cha plastiki halafu uingie kwenye kiti cha ndege kwa usiku mzima. Tembea jengo zima, kunywa maji, na mwenye historia ya kuganda kwa damu, mjamzito au aliyefanyiwa upasuaji karibuni azungumze na daktari kabla ya safari ndefu.

Halafu lala. Nimeona watu wakikataa hoteli kwa kuogopa kwamba ndege itaondoka bila wao, wakakesha chini ya taa, na kesho yake wakaingia safarini wakiwa wagonjwa nusu. Ukikubali hoteli, hakikisha shirika lina nambari yako ya simu iliyo sahihi, uliza basi la kurudi uwanjani linaondoka saa ngapi, na weka kengele mbili. Chaji simu na betri ya akiba, na betri hiyo ibaki kwenye begi la mkononi, kwani betri za namna hiyo haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini ya ndege.

Kwa saa zilizobaki, ushauri wangu ni mdogo: chagua nyakati za kuutazama ubao, kwa mfano mara moja kila saa, na katikati yake usiutazame. Anayekodolea macho ubao hasubiri ndege tu, anasubiri kila dakika kukatishwa tamaa upya, na kazi hiyo inachosha kuliko kufundisha.

Mrejeaji alijibu:

Nawashukuru wote. Mratibu wangu amekwisha kuisogeza tiketi ya kipande cha mwisho, kwa tozo, na ameweka usiku mmoja katikati kama ulivyoshauri, Mkata Tiketi. Ujumbe kwa mwalimu mwenzangu nimeutuma, na jibu lake lilikuwa kwamba alikuwa amekwisha kupanga kuanza na somo jingine kabisa, jambo ambalo limenichekesha na kunishusha kidogo. Bima imenipa fomu ambayo itajazwa na shirika la ndege.

Limebaki lile la nyumbani. Uwanja hauko mbali sana na kwetu. Mama ananiambia chakula kiko mezani. Hoteli ipo. Ninyi mngefanya nini?

Mpita Njia alijibu:

Mimi nisingekwenda, nami nasema hivi nikijua kwamba wengi hapa watanipinga. Kuaga kuna kazi yake. Familia ikikuaga, inaanza siku hiyo hiyo kujipanga upya bila wewe: chumba kinabadilishwa matumizi, mdogo wako analia na kumaliza, mzazi anajizoeza kutohesabu sahani yako. Ukirudi kwa usiku mmoja unawarudisha wote mwanzo, na kesho mnaaga tena mkiwa mmechoka, mkiwa na jicho kwenye simu, bila utulivu mliokuwa nao mara ya kwanza. Na wewe mwenyewe ukiwa umekiri kwamba ulihisi nafuu, kitanda cha nyumbani usiku huu kitakufanya kesho iwe nzito zaidi. Hoteli haina kumbukumbu zako. Kwa usiku wa namna hii, hiyo ni sifa njema. Pigeni simu, mcheke juu ya kipuri, mwambie mama kwamba usafiri wa kesho umepangwa na shirika, ulale.

Mratibu wa Upande wa Pili alijibu:

Hapa sikubaliani na Mpita Njia, au nakubaliana naye kwa familia fulani tu. Zipo familia ambazo kuaga kwao ni jambo zito linalofanywa mara moja, na zipo ambazo huaga kila siku kwa kelele na kusahaulika vitu mlangoni. Mrejeaji anaijua yake. Mimi ningeuliza swali jingine: je, kuna neno lililobaki bila kusemwa safari hii? Watu wanaorudi mara ya pili huaga kwa haraka kuliko mara ya kwanza, kwa kudhani kwamba kila mtu amekwisha kuzoea, na mara nyingi si kweli. Mzazi aliyekubali kwa ajili ya mwaka mmoja hakukubali lazima kwa ajili ya miwili. Kama mazungumzo hayo hayakufanyika, usiku huu ni nafasi ambayo hukuipanga, nami ningeitumia hata kwa gharama ya kuaga tena. Kama yalifanyika, basi hoteli, na simu kama alivyosema Mpita Njia.

Neno dogo tu kuhusu kukataa chakula kilicho mezani: usimfiche mama kwamba unaweza kwenda ila umechagua kutokwenda. Akija kugundua kwamba muda ulikuwepo, ataumia kwa jambo ambalo angelielewa kama angeambiwa wazi.

Mkata Tiketi wa Zamani alijibu:

Hayo ya familia nawaachieni. Ila kabla hujaamua, Mrejeaji, fahamu kwamba kutoka nje ya uwanja si sawa na kutoka nje ya kituo cha basi. Kama ulikwisha kupita uhamiaji na pasipoti yako imegongwa muhuri wa kutoka nchini, huwezi kuondoka kwa hiari yako tu. Shirika hulazimika kuwasindikiza abiria wote pamoja, muhuri hubatilishwa au hurekebishwa, na kesho mtapitia uhamiaji na ukaguzi wa usalama upya. Ukitaka kwenda nyumbani badala ya hotelini, toka pamoja na kundi hilo hilo, kisha mwambie mhudumu aandike kwenye kumbukumbu ya tiketi yako kwamba umechagua kulala kwingine na kwamba bado unasafiri, ili usije ukahesabiwa kuwa umejiondoa safarini. Uliza kama mizigo yako itabaki chini ya ulinzi wao au unapaswa kuichukua, na uliza kama kadi ya kupandia uliyonayo itafanya kazi kesho au utapewa mpya, kwani ndege iliyohamishiwa siku ya pili wakati mwingine hupewa nambari nyingine. Usafiri wa kwenda nyumbani na kurudi huenda usilipwe, kwa sababu wao walitoa hoteli, lakini risiti itunze hata hivyo. Na kesho usitegemee saa ya ubaoni: fika kana kwamba ndege itaondoka kwa wakati uliotajwa asubuhi, maana kipuri kikiwahi, saa inaweza kurudishwa nyuma kama ilivyosogezwa mbele.

Mrejeaji alijibu:

Muhuri nilikuwa nimekwisha kugongewa, kwa hiyo swali hilo limenifaa sana. Tunasindikizwa nje sasa hivi. Nimeandikiwa kwenye tiketi kwamba ninalala kwingine, mizigo inabaki kwao, na kadi mpya nitaichukua kesho dawatini. Nakwenda nyumbani. Mratibu amegusa penyewe: na baba sikuzungumza safari hii, tulipeana mikono tu.